Ameletwa na Askari, Hana Jina, Hana Fahamu: Huyu Ni Nani?



 Leo naomba tuanze na picha moja tu. Askari wanafika hospitalini wakiwa wamebeba mtu kwenye machela. Amezimia. Mfukoni hana kitambulisho, na hakuna ndugu aliyefuatana naye. Nesi anashika kalamu na kuuliza, "Huyu ni nani?" Askari wanatazamana. Hawajui. Wamemwokota tu njiani. Wanamlaza kitandani, wanaondoka.

Sasa hebu tujiulize. Kabla hatujajua jina lake, kabila lake, dini yake, wala kama alikuwa upande wetu au wa adui, huyu aliyelala hapa ni nani? Na sisi tunadaiwa nini kwake?

Swali hili si la mchezo. Ukilikosea kwa mgonjwa huyu, utalikosea pia kwa bibi aliyepoteza kumbukumbu, kwa mtoto aliye tumboni, na kwa yule kijana wa bodaboda aliyelala barabarani huku watu wakimpiga picha. Ndiyo maana nataka tulichimbe taratibu: kwanza kwa historia, halafu kwa Injili, halafu kwa falsafa kidogo (msiogope!), na mwisho tuone Kanisa linatuagiza nini.

1. Castiglione, Juni 1859

Tarehe 24 Juni 1859 kulikuwa na vita kali sana karibu na kijiji cha Solferino, kaskazini mwa Italia. Upande mmoja walikuwa Wafaransa wa Napoleon III pamoja na jeshi la mfalme wa Sardinia. Upande wa pili walikuwa Waaustria wa Kaisari Franz Joseph. Askari wote kwa pamoja walikuwa karibu 300,000. Jioni ilipofika, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walihesabiwa kuwa kama 40,000. Kwa siku moja, jamani.

Kilomita chache kutoka hapo kuna mji mdogo unaoitwa Castiglione delle Stiviere. Majeruhi walianza kuletwa huko kwa mikokoteni, kwa nyumbu, na wengine mabegani mwa wenzao. Walikuwa maelfu. Hospitali zikajaa, shule zikajaa, nyumba za watu zikajaa. Kanisa kubwa la mji likageuka wodi, watu wakalazwa sakafuni juu ya majani makavu. Madaktari walikuwa wachache mno. Wengi wa majeruhi walikuwa wameishiwa damu na nguvu, na wengine hawakuweza hata kusema wanaitwa nani.

Wakati huo alipita pale mfanyabiashara mmoja kutoka Uswisi, Henry Dunant, mwenye umri wa miaka 31. Hakuwa Mkatoliki, wala hakuwa daktari. Alikuwa amesafiri kumtafuta Napoleon III kwa ajili ya mambo ya biashara yake ya Algeria. Alipoona hali ile, biashara ikasubiri. Akashirikiana na paroko, Don Lorenzo Barzizza, na wanawake wa mji. Kina mama na wasichana waliosha vidonda, wakafunga bandeji, wakanywesha supu na maji. Watoto walichota maji kwa ndoo.

 Waaustria si ndio maadui? Lakini wanawake wale wakaanza kuwahudumia wote sawasawa, na neno lao likawa moja: "Tutti fratelli", yaani wote ni ndugu. Hawakusubiri kwanza mgonjwa azinduke ajieleze. Kwao ilitosha kwamba huyu ni mtu, na anavuja damu.

Mwaka 1862 Dunant alitoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona Solferino. Mwaka 1863 ikaundwa kamati ya watu watano mjini Geneva, ndiyo chanzo cha Msalaba Mwekundu tunaoufahamu leo. Tarehe 22 Agosti 1864 mataifa 12 yakatia sahihi Mkataba wa Geneva, wenye sharti kwamba askari aliyejeruhiwa au aliye mgonjwa aokotwe na kutunzwa, hata awe wa taifa gani. Mkataba wa 1949 ukaongeza mengi: majeruhi watafutwe na kukusanywa, wasibaguliwe kwa taifa, rangi, dini wala siasa, na wa kutangulia kutibiwa wachaguliwe kwa uzito wa hali yao tu. Tena jeshi linalomshika majeruhi wa upande wa pili linatakiwa kuandika kila alama inayoweza kusaidia kumtambua. Kwa hiyo askari akimbeba adui aliyezimia na kumpeleka hospitalini, hatendi wema wa ziada. Anatimiza sheria. Na mizizi ya sheria hiyo iko kwenye sakafu ya kanisa la Castiglione.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kijana Mkatoliki anapaswa kulijua. Castiglione ndiko alikozaliwa Mtakatifu Aloisi Gonzaga, msimamizi wa vijana, tarehe 9 Machi 1568. Baba yake alikuwa mtawala wa eneo lile na mtu wa jeshi, alitaka mwanawe naye awe askari. Aloisi alikulia kati ya askari, lakini akauacha urithi wake kwa mdogo wake na kujiunga na Wajesuiti. Tauni ilipoingia Roma mwaka 1591, yeye alikwenda kuhudumia wagonjwa. Huduma hiyo haikuwa rahisi kwake, kwa maumbile alichukizwa na harufu na vidonda. Lakini alimbeba mgonjwa wa tauni kwa mikono yake, akaambukizwa, na tarehe 21 Juni akafariki akiwa na miaka 23. Sikukuu yake ni siku tatu tu kabla ya tarehe ya vita vya Solferino. Wanawake wale walikuwa wamekulia katika mji wa mtakatifu aliyekufa kwa sababu ya kumbeba mgonjwa.

2. Yule mtu wa njia ya Yeriko

Fungua Luka 10:25-37. Mfano wa Msamaria mwema tumeusikia mpaka tumeuzoea, lakini tazama maelezo mawili madogo. Yesu anasema wanyang'anyi walimvua nguo yule mtu, kisha wakamwacha karibu ya kufa.

Kwa nini hayo ni muhimu? Kwa sababu zamani zile, kama ilivyo leo kwa kiasi fulani, ulimtambua mtu kwa mambo mawili: mavazi yake na usemi wake. Mavazi yalikuambia ametoka wapi na cheo chake ni kipi. Lafudhi ilikuambia kabila lake. Petro mwenyewe alitambuliwa uani kwa kuhani mkuu kwa sababu ya usemi wake wa Kigalilaya. Sasa huyu hana nguo, na hawezi kusema. Kuhani na Mlawi wanaopita hawana namna ya kujua kama ni Myahudi mwenzao au la. Ni mgonjwa asiyejulikana.

Yule mwanasheria alikuwa ameuliza, "Jirani yangu ni nani?" Maana yake alitaka mpaka: nani yumo, nani hayumo. Yesu anamwekea mbele mtu ambaye huwezi kumpangia kundi lolote. Umebaki naye kama mwili wa binadamu unaopumua, basi. Msamaria haulizi maswali. Anaona, anahurumia, anasogea, anafunga vidonda, anambeba, analipa dinari mbili na kuahidi kulipa kitakachozidi.

Tazama pia kwamba mpaka mfano unaisha, yule mtu hajasema neno. Hatujui jina lake, hatujui kama alitoa shukrani, hatujui hata kama alipona. Yesu hakuona haja ya kutuambia. Ujirani ulikamilika bila hayo yote.

3. Falsafa kidogo: nini kinamfanya mtu awe mtu?

Hapa kuna mawazo mawili yanayopingana, na leo yanapingana hata mitandaoni, ingawa watu hawajui majina ya wenyewe.

Wazo la kwanza linatoka kwa Mwingereza John Locke, wa karne ya 17. Kwa Locke, nafsi ni kile kinachofikiri na kujitambua: najua kwamba mimi ni mimi, nakumbuka nilivyokuwa jana, kwa hiyo mimi ni yule yule. Tumtendee haki, Locke alikuwa anashughulikia hasa suala la nani awajibike kwa tendo gani. Lakini wengine baada yake walilisukuma wazo hilo mbali zaidi: kama nafsi ni kujitambua, basi asiyejitambua si nafsi. Ni mwili tu uliobaki kitandani.

Wazo la pili ni la zamani zaidi, la Boethius, mwanafalsafa Mkristo wa karne ya 6, na Mtakatifu Thoma wa Akwino alilipokea na kulifafanua. Kwake nafsi ni kiumbe kamili, mmoja na wa pekee, mwenye maumbile ya akili. Angalia vizuri neno maumbile. Hakusema "anayetumia akili sasa hivi". Alisema mwenye maumbile ya akili. Kuna tofauti kati ya kile ulicho na kile unachofanya muda huu.

Mfano rahisi: mwalimu akilala usiku hafundishi, lakini hajaacha kuwa mwalimu. Mgonjwa aliyepewa nusukaputi hajitambui kabisa, lakini hakuna daktari mwenye akili timamu atakayesema kwa saa zile mbili za upasuaji mgonjwa alikuwa kitu, kisha akarudi kuwa mtu alipozinduka. Kama kujitambua ndiko kunakotupa utu, basi kila usiku tunaupoteza na kila asubuhi tunaupokea upya. Haiingii akilini.

Lakini kuna mtu atapinga: "Frateri, aliyelala ataamka. Huyu wa koma huenda asiamke kamwe." Pingamizi zuri. Jibu ni kwamba aliyelala hatuiti mtu kwa sababu ataamka. Ni kinyume chake: anaweza kuamka na kutuambia ndoto zake kwa sababu ni mtu. Jiwe haliamki. Kuumia ubongo ni kuzuiwa kutenda, siyo kubadilika kuwa kiumbe cha aina nyingine. Ndege aliyevunjika bawa ni ndege asiyeruka. Hajawa kuku, wala hajawa jiwe.

Hata lugha yetu inatufundisha. Mtu akizimia, Kiswahili hakimtoi kwenye ngeli yake. Hatusemi "kimeletwa", tunasema "ameletwa". Mtu anabaki mtu. Kinachobadilika ni mazoea yetu, pale tunapoanza kumwita "kitanda namba saba".

4. Je, anasikia?

Sayansi nayo imetushangaza. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walitangaza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia ubongo kwa ajali ya barabarani. Kwa vipimo vyote vya kitandani alionekana hana fahamu yoyote. Wakamweka kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo unapofanya kazi, wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Sehemu za ubongo wake ziliamka zile zile zinazoamka kwa mtu mzima wa afya akipewa maagizo hayo. Alikuwa anasikia, tena anaelewa. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2024 ulionesha kwamba kati ya wagonjwa wasioitikia agizo lolote kwa mwili, takribani mmoja kati ya wanne alionesha dalili za namna hiyo kwenye ubongo.

Kwa hiyo ukiwa kando ya kitanda cha mgonjwa asiye na fahamu, chunga mdomo wako. Usijadili mirathi, wala usiseme "huyu ameshakwisha".

Lakini nawaomba msijenge imani yenu juu ya mashine hiyo. Tukisema "tumheshimu kwa kuwa huenda anasikia", tumerudi kwa Locke kwa mlango wa nyuma. Na wale watatu ambao mashine haikuona kitu kwao, je? Nao ni watu, kwa uzito ule ule. Tarehe 20 Machi 2004 Mtakatifu Yohane Paulo II, akiwa mwenyewe mgonjwa mbele ya macho ya dunia, aliwaambia madaktari waliokusanyika Roma kwamba thamani na hadhi ya mtu haibadiliki hata hali yake iwe mbaya namna gani, na kwamba mgonjwa wa namna hii ana haki ya kupata matunzo ya msingi: chakula, maji, usafi, joto. Hiyo haina maana tung'ang'anie kila tiba. Katekisimu (namba 2278) inaruhusu kuacha tiba zenye mzigo mkubwa kupita faida yake. Kuacha tiba isiyofaa ni jambo moja. Kumwacha mtu ni jambo jingine kabisa.

5. Kanisa kando ya kitanda

Vijana wengi huuliza: padre akiitwa kwa mgonjwa asiyejulikana na asiye na fahamu, anafanya nini?

Sheria za Kanisa, kanuni 1006, inasema Mpako wa Wagonjwa wapewe wale ambao walipokuwa na fahamu waliuomba, angalau kwa namna isiyo ya wazi. Mkatoliki aliyeishi imani yake anahesabiwa kuwa angetaka. Ndiyo maana rozari mfukoni au medali shingoni ni jambo kubwa: inamsemea aliyenyamaza. Na kanuni 1005 inaagiza kwamba kukiwa na shaka kama mgonjwa ameshafariki au bado, sakramenti itolewe. Kanisa likiwa na shaka ya namna hiyo, linaegemea upande wa huruma.

Na ubatizo? Hapo ni tofauti. Mtu mzima hubatizwa kwa hiari yake. Kanuni 865 inataka, hata katika hatari ya kifo, awe ameonesha kwa namna yoyote nia ya kubatizwa. Hatumchukui mtu aliyezimia na kumwingiza kwenye dini kwa kuwa hawezi kukataa. Unaona? Heshima ile ile inayotufanya tumtunze ndiyo inayotuzuia kumtumia.

Lakini kumwombea hakuna anayetuzuia. Kumbuka Marko 2: yule aliyepooza alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari, na Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Ni ya wale waliombeba! Mgonjwa asiyeweza kusali anaweza kubebwa na sala ya wengine. Hatujui jina lake, lakini Mungu anamjua. Isaya 49 inatuambia Bwana ametuchora viganjani mwake.

6. Wewe na mimi

Hospitali ya kijeshi huenda hutaiona kamwe. Ila mgonjwa asiye na jina utamkuta. Basi tushike haya manne:

Kwanza, weka simu kwa kazi yake. Ajali ikitokea, simu ni ya kuita msaada, siyo ya kurusha uso wa mtu aliyezimia kwenye magrupu. Hawezi kukuambia "usinipige picha". Kimya chake si ruhusa.

Pili, jifunze huduma ya kwanza. VIWAWA, TYCS, YCS, alikeni watu wa Msalaba Mwekundu parokiani wawafundishe. Aliyezimia hapewi maji ya kunywa, na aliyeumia shingo havutwivutwi hovyo. Upendo usio na ujuzi unaweza kuua.

Tatu, tembeleeni wodi, na mkiruhusiwa na wauguzi, ulizeni nani hana mgeni. Mkae naye. Msalimie kama unavyomsalimia mtu: "Shikamoo mzee, mimi ni kijana wa parokia hapa jirani."

Nne, beba kitu kitakachokusemea. Kitambulisho, namba ya ndugu, rozari. Siku moja anayebebwa anaweza kuwa wewe.

Vijana wenzangu, turudi kwenye lile swali la nesi. Jina atalijaza baadaye, ndugu wakipatikana. Lakini swali la huyu ni nani lina jibu tayari kabla hajazinduka: ni mtu, ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, na Kristo alikufa kwa ajili yake. Bwana wetu mwenyewe alivuliwa nguo na askari, akanyamaza. Katika Mathayo 25 anasema aliyemtendea mdogo kabisa amemtendea yeye. Na wale wenye haki wanashangaa, hawakujua kwamba ni yeye. Walimhudumia mgonjwa asiyejulikana.

Maswali ya kutafakari katika kundi

1. Katika mazingira yetu, ni watu gani tunaowaita kwa namba, kwa ugonjwa au kwa jina la dhihaka badala ya jina lao?
2. Mtu akikuambia "bibi yako hakutambui tena, unakwenda kumtembelea wa nini?", utamjibuje kwa kutumia tofauti ya maumbile na matendo?
3. Kundi letu linaweza kufanya tendo gani moja la huruma kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Aloisi, 21 Juni?

Sala

Bwana Yesu, unawajua kwa majina wote waliolala bila jina katika hospitali zetu. Uwe nao wasipoweza kukuita. Utupe macho ya kumwona mtu kabla ya kuuliza ni wa kwetu au si wa kwetu. Uwabariki wauguzi, madaktari na wote wanaobeba majeruhi. Na siku tutakapobebwa sisi, utupe mikono ya huruma. Kwa maombezi ya Mtakatifu Aloisi Gonzaga. Amina.

Tuombeane.